Ng'ombe Wasiokuwa Nyumbani

Mimi nina hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia kwa sababu kubisha kungekuwa ushahidi. Kwa hivyo Jumanne ile asubuhi, kompyuta yangu iliponiandikia kwa mara ya nne kwamba haina nafasi, niliifunga kwa kishindo. Halafu nikaifungua tena polepole na kuiomba msamaha, maana ndani yake ndimo ilimokuwa kazi yangu yote ya miaka tisa.

Kazi yangu ni kupandikiza ng'ombe mbegu. Wakulima wa Elburgon na wa kule juu Kuresoi wananiita daktari. Mimi si daktari, nina cheti tu, lakini nimechoka kuwasahihisha. Ninaishi Free Area, Nakuru. Nina pikipiki, mtungi wa mbegu unaotoa moshi wa baridi kila ukifunguliwa, na hiyo kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumikia mtu mwingine.

Ndani ya kompyuta kuna faili moja, na ndani ya faili hiyo kuna kila ng'ombe niliyewahi kumshika: mama yake ni nani, alipata mbegu ya fahali gani, alizaa lini, mwenyewe ni nani, na picha ya uso na masikio yake. Programu nilitengenezewa na rafiki yangu wa chuo. Tulisomea mifugo pamoja, yeye akachoka na mavi ya ng'ombe akahamia kompyuta, na sasa ana duka mjini. Aliniambia hiyo inaitwa hifadhidata, ile nyepesi, isiyotaka mtandao wala mashine kubwa, yote inakaa kwa faili moja unayoweza kubeba kwa flash. Mkulima akinipigia simu, naitazama kwanza, nisije nikampa mtamba mbegu ya baba yake mwenyewe. Akilalamika kwamba nina maswali mengi, namwambia mali bila daftari huisha bila habari. Nimelisema hilo hadi watoto wa Elburgon wakisikia pikipiki wanapiga kelele, "Mali Bila Daftari amekuja!"

Sasa, kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ukihesabu ng'ombe za mtu kwa sauti, unataka zipungue. Ng'ombe akifa, mwenyewe hasemi amekufa. Akiuzwa, hasemi ameuzwa. Na kuna wale ambao mtu huwaweka kwa rafiki, mbali na kwake, ili ugonjwa au ukame ukiingia boma moja usimalize wote. Hao ndio hawatajwi kabisa, maana hata jirani hatakiwi kujua ni wa nani. Ukiuliza ng'ombe fulani yuko wapi, unaambiwa, "Hayupo nyumbani," na basi. Ukizidi kuuliza unaonekana una nia mbaya. Miaka yangu ya kwanza nilijaribu kudadisi, nikanyimwa hata chai, nikaona isiwe taabu. Nikamwambia rafiki yangu aniwekee kisanduku kimoja tu kwenye programu, Hayupo. Aliyekufa, aliyeuzwa, aliyewekwa kwa rafiki, aliyepewa mtu, wote nikawa nawatia alama hiyo hiyo moja.

Jumanne ile niliona dawa ni rahisi. Hao Hayupo wa nini? Picha zao ndizo zimejaza. Nikawachagua wote, nikabonyeza futa. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikaijibu kwa mdomo, peke yangu pale jikoni, "Nina hakika kuliko wewe." Wakaisha.

Nikatazama ukubwa wa faili. Haukuwa umepungua hata kidogo.

Nilimpigia rafiki yangu simu nikifoka kama yeye ndiye aliyejaza. Alicheka. "Umetoa ng'ombe zizini," akasema, "lakini ua haujasogea. Programu inaweka hizo nafasi kando, inangojea ng'ombe wapya walale pale. Ukitaka faili ipungue, lazima uiamuru ijiandike upya yote, waliobaki tu, wakae wamebanana." Akanitajia amri yenyewe, neno moja, VACUUM. "Lakini iko na masharti. Inataka nafasi ya pembeni, karibu sawa na faili yenyewe, ndiyo ijiandike huko kwanza kabla iache ile ya zamani."

"Kwa hivyo nipate nafasi ndiyo nipate nafasi?"

"Ndiyo hivyo."

"Hiyo ni akili ya wapi?"

"Ya stoo ya viazi. Wewe unaweza kupanga stoo upya bila kutoa viazi nje?"

Niliandika hiyo amri, nikabonyeza. Ikazunguka, ikazunguka, mimi nimesimama na kikombe mkononi, halafu ikakataa. Diski imejaa. Nikaitukana matusi ambayo mama hajui kwamba nayajua. Kisha, kwa sababu kazi haingoji hasira, nikaingiza ng'ombe wawili niliowapandikiza Elburgon siku iliyotangulia, pamoja na picha zao. Ajabu, hao iliwapokea bila kunung'unika. Nikafurahi kidogo, mjinga mimi.

Mama alinipigia kabla sijamaliza chai. Mama yangu akipiga simu hasalimii, anaanza katikati.

"Wanataka kumpeleka sokoni Ijumaa. Yule mwekundu wangu."

"Nani, mama?"

"Hao vijana! Mama yao hata udongo haujakauka juu yake."

Nikaelewa. Mama alikuwa na rafiki, mama mmoja wa ng'ambo ya bonde kule Kuresoi, waliolewa mwaka mmoja na wamesaidiana tangu hapo. Tulikuwa tumemzika miezi miwili nyuma. Na kwake kulikuwa na ng'ombe wa mama, mwekundu mwenye kipaji cha uso cheupe, aliyekwenda huko miaka minne iliyopita. Sasa wana wa marehemu walisema ni wa mama yao, na wameshaelewana na mwenye bucha.

"Nimekwenda nikawaambia ng'ombe ni wangu, niliweka tu," mama akasema. "Wazee wanakaa Alhamisi. Wamesema nilete shahidi. Nikawaambia shahidi wangu yuko ndani ya mashine ya mtoto wangu. Mama yake, nyanya yake, mpaka wa kwanza. Si umeandika wote?"

"Nimeandika, mama."

"Na picha?"

"Na picha."

"Basi ulete karatasi. Wasinione mimi ni mwanamke mzee wa kupayuka."

Nikasema sawa. Mdomo wangu hata ukaongeza, karatasi nitaleta. Mwekundu alikuwa na alama ya Hayupo. Nilikuwa nimemfuta pamoja na wengine, kabla ya chai, nikiringa.

Lazima niseme yule ng'ombe alikuwa nani kwa mama. Kwetu bibi arusi anapofikishwa kwa mumewe hakubali kuvuka mlango mpaka aahidiwe kitu. Anasimama pale, anaangalia chini, watu wanamsihi. Mama alisimama mpaka mkwe wake akataja mtamba mwekundu. Huyo mtamba ndiye mwanzo. Baba alipouza ng'ombe za boma hakuthubutu kugusa za ukoo huo, na maziwa tuliyonywa sisi watoto yalitoka kwao. Kizazi baada ya kizazi walizaa madume, wakafa, wakapungua, hadi akabaki huyu mmoja wa kike. Akichinjwa, hakuna mwingine.

Nikatafuta nakala. Nakala nilikuwa nayo, kwenye flash, ila flash nilimpa mwalimu wa kwaya kanisani aniwekee nyimbo, na yeye akaisafisha kwanza ndiyo zitoshe. Mimi, ninayewasumbua watu na daftari! Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nililia kidogo, machozi ya hasira, halafu nikampigia rafiki yangu tena.

Safari hii hakucheka. "Ile amri uliendesha?"

"Ilikataa. Diski imejaa."

"Shukuru Mungu."

"Nishukuru nini?"

"Sikiliza. Ulipofuta, programu haikuwafuta kweli. Iliandika tu kwamba nafasi zao ziko wazi. Wenyewe bado wamelala pale. Ile amri ingekubali, wangekuwa wameisha kabisa, hata mimi singeweza kitu. Sasa usiguse. Usifungue programu. Usiingize hata ng'ombe mmoja."

"Hata mmoja?" nikauliza.

"Umeingiza?"

"Wawili. Na picha."

"Hao wamelala kwenye nafasi za waliofutwa," akasema. "Hatujui za nani. Lete mashine."

Haki ya Mungu, nilitembea kwa miguu. Pikipiki ilikuwa pale mlangoni, ina mafuta, na mimi nikaogopa kwamba matuta ya barabarani yatawamwaga wale ng'ombe. Najua ni upuuzi. Nilizima kompyuta, nikaifunga kwa sweta, nikaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, nikashika barabara ya Nairobi kuelekea mjini juani. Na siku hiyo ndipo wakulima wote wakakumbuka namba yangu. "Daktari, ng'ombe yangu inalia tangu asubuhi, iko na joto, inataka mbegu." "Daktari, ile ya juzi imetoka damu, ni sawa?" Nilisimama kando ya barabara nikaandika mkononi kwa kalamu, kwenye kiganja, halafu kwenye mkono mpaka karibu na kiwiko. Kila simu ilipolia niliona kama ni mama. Nilikuwa nafanya hesabu ya kijinga kichwani: waliofutwa ni wengi, walioingia ni wawili, kwa nini waangukie yeye? Halafu nikajijibu, kwa nini wasiangukie yeye, kwani mimi nina bahati gani?

Duka la rafiki yangu ni dogo, meza moja na viti viwili, na nyaya zimening'inia kila mahali. Hakunisalimia. Alichukua kompyuta, akatoa nakala ya faili nzima akaiweka kwenye diski yake kubwa, akarudisha yangu kwenye sweta. "Tunafanya kazi kwa nakala," akasema. "Yako hakuna mtu ataigusa tena leo." Nikamuuliza maji yaliyomwagika yanazoleka tangu lini. Akasema haya yamemwagika ndani ya sufuria, nitulie.

Sikutulia. Alikuwa na programu ya kupekua zile nafasi zilizoachwa wazi, na ilipoanza, wakaanza kutokea. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilidhani atatokea mmoja, kumbe walikuja wote, bila mpangilio. Yule wa Elburgon aliyekufa akizaa mikononi mwangu, mwenyewe akanipa chai akasema si kosa lako. Yule mwenye pembe moja. Ndama aliyeuzwa ili mtoto aende shule. Wengine picha kamili, wengine jina tu bila uso, wengine uso uliokatika. Asubuhi ile niliwaita Hayupo wa nini, na hapa walikuwa wananitazama mmoja mmoja. Nikaona aibu.

"Huyu?" akauliza rafiki yangu.

Kipaji cheupe. Macho mawili. Chini ya macho picha ilikuwa imekwisha, imebaki rangi ya kijivu mpaka mwisho. Pua haikuwepo, mdomo haukuwepo.

"Hapa chini wamelala wale wawili wako wa asubuhi," akasema. "Lakini maandishi yake yako. Tazama, mama yake, nyanya yake, wote. Mwenyewe, jina la mama yako."

Nilipiga kelele, mtu wa duka la jirani akachungulia. Nikamkumbatia rafiki yangu na nyaya zake. "Chapisha," nikasema. "Chapisha sasa hivi kabla haijabadilisha mawazo."

"Ngoja," akasema. "Kuna maelezo chini."

Kwa ng'ombe wengine wote wasiokuwepo sehemu ya maelezo ilikuwa tupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza. Kwa huyu mmoja kulikuwa na mstari, na maneno yalikuwa yangu, nilivyozoea kuandika kwa mkato. "Mama anasema amempa rafiki yake kabisa, si kuweka. Amesema nisimuulize tena. Ameniambia akikamua."

Nilisoma mara tatu. Halafu ikanirudia, asubuhi ile yenyewe. Mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na simu mkononi, mama kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe mwingine, anasema bila kugeuka kwamba yule mwekundu amekwenda ng'ambo na hatarudi, amempa, mwenzake hana hata wa maziwa ya chai. Nilikuwa nimeandika kwa mazoea na kusahau. Yeye bila shaka hakujua kwamba naandika.

Rafiki yangu alikuwa anaangalia mlangoni, kule barabarani, kama mtu anayesubiri mteja. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Nina nafasi ya kutosha kwa diski hii. Nikiingiza ng'ombe wote tuliowapata, nikauruka huo mstari, halafu niendeshe ile amri, yale maneno hakuna mtu duniani atayarudisha. Hata mimi. Inachukua dakika moja."

Niliweka kidole. Siwezi kusema uongo hapa, niliweka kidole kwenye kitufe cha kukubali, kikakaa. Niliona kipaji cheupe kikielekea bucha. Niliona mama akirudi kutoka kwa wazee mikono mitupu. Nani angeumia? Vijana wawili wanaotaka nyama? Lakini pia niliona wakulima wangu wote, na lile neno langu la daftari, na nikajiuliza nitakapomwangalia mkulima machoni na kumwambia mashine yangu haidanganyi, nitakuwa namaanisha nini. Sitaki mtu anisifu. Sikuwa mwema, niliogopa. Nikaondoa kidole nikasema achapishe vyote, na mstari wenyewe.

"Una kichwa kigumu," akasema.

"Nimezaliwa nacho."

Jumatano nilipanda Kuresoi kwa mama. Alikuwa ameketi nje kwenye gunia, anachagua viazi vya mbegu, na alipouona mfuko wa karatasi mkononi mwangu akajifuta mikono kwenye leso kama mtu anayeletewa zawadi. Alinipa chai. Aliniambia nimekonda. Aliuliza mkono wangu umeandikwa nini, nikasema ni ng'ombe za watu, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa na ngozi yako pia ni daftari?" Nilitamani aendelee kucheka hivyo na tusifike kwenye karatasi.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Nyanya wa ng'ombe, mama wa ng'ombe, tarehe zote, alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Nilipofika chini nikasoma haraka ili iishe. Amempa rafiki yake kabisa, si kuweka.

Mama aliacha kuitikia. Kiazi kilikuwa mkononi mwake, akakigeuza, akatafuta jicho la kuchipua, akakitupa kwenye rundo.

"Hayo uliandika wewe?"

"Uliniambia mwenyewe, mama. Ulikuwa unakamua."

"Niliongea na binti yangu. Sikuongea na mashine."

Nikaiweka karatasi magotini.

"Na jana nilipokupigia yalikuwepo?"

Hapo nikamweleza yote, kwa sababu mficha uchi hazai. Kwamba nilimfuta kwa pupa. Kwamba nilitembea mpaka mjini nikimkumbatia. Kwamba alikuwa amekwisha kabisa na tulimtafuta mchana kutwa mpaka tukampata nusu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniangalia.

"Yaani yalikuwa yamefutika," akasema.

"Yalikuwa yamefutika."

"Sasa kwa nini umerudisha?"

Nilikasirika. Heshima yote ikaniruka. Nikamuuliza kama alitaka niende mbele ya wazee nikaseme uongo, mimi mtu mzima, mimi ambaye nusu yao ni wateja wangu. Alipandisha sauti pia. "Nilimpa yeye!" akasema. "Sikuwapa wao! Nilimpa mtu aliyekuwa anashika kidevu changu nikilia. Anywe maziwa. Wao wanataka kula nyama yake." Halafu akashuka, akaanza kuchagua viazi tena, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, "Sikutaka useme uongo. Nilitaka tu uwe umesahau."

Usiku huo nililala kwake kwenye kitanda changu cha zamani na sikumsikia akikoroma. Asubuhi alivaa sweta yake ya kanisani. Karatasi aliichukua mwenyewe, akaikunja mara nne, akaifunga kwa nailoni. Nikashuka naye bondeni na kupanda ng'ambo bila kujua atafanya nini nayo. Nilidhani atairarua. Nilidhani pia kwamba akiirarua nitanyamaza.

Wazee walikuwa kwenye mabenchi nyumbani kwa marehemu, wanakunywa chai. Wana wake wawili walisimama kando, vijana wenye adabu kweli, mkubwa akamletea mama kiti na kumpangusia. Mzee mmoja akauliza shahidi ni nani. Mama akanipa karatasi.

"Huyu atasoma," akasema. Halafu, kwangu, "Soma yote. Usiruke."

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye ule mstari sikuinua macho, nilisikia tu kikombe cha mtu kikiwekwa chini. Mzee akamuuliza mama kama maneno hayo ni yake, mama akasema ni yake. Basi hakukuwa na kesi. Ng'ombe aliyetolewa ametolewa, akasema mzee, hata mtoaji akilia. Mama akasema anajua. Akaomba aonyeshwe tu. Kijana mkubwa akaenda akamleta kwa kamba, na mama akamshika kipaji kwa kiganja, akamkwaruza pale kati ya macho, akamwambia kitu kwa lugha yetu ambacho mimi mwenyewe sikukisikia. Nilitaka mtu aseme basi, mchukue. Hakuna aliyesema. Kijana akaangalia kamba yake, akamrudisha nyuma ya nyumba.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema jambo moja tu. "Una sauti mbaya ya kusoma."

Ijumaa nilikuwa Free Area, mezani kwangu. Rafiki yangu alikuwa ameniazima diski ya nje ili ile amri ipate pa kujiandikia, na ng'ombe wote tuliowapata tulikuwa tumewarudisha. Kile kisanduku cha Hayupo niliomba kitolewe. Badala yake kuna vinne: amekufa, ameuzwa, amewekwa, amepewa mtu. Wakulima watanichukia, nitanyimwa chai, shauri yao. Kila kitu kilikuwa tayari na sikuweza kubonyeza, kwa sababu sikujua nimwandikeje yule mmoja. Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani. Soko la ng'ombe huanza asubuhi na mapema.

Simu ikalia mchana. Mama, kama kawaida, alianza katikati.

"Wamemchukua. Andika."

"Niandike nini, mama? Hayupo nyumbani?"

"Andika amechinjwa."

Sijawahi kumsikia mtu wa umri wake akilisema neno hilo juu ya ng'ombe wake mwenyewe. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Andika. Na uandike ni mimi nimesema."

Vile visanduku vinne havikutosha, kwa hivyo nikaandika kwenye maelezo, chini ya ule mstari wa zamani. Nikamsomea. Akasema sawa. Nilidhani atakata simu, hakukata, nikawa nasikia kuku wake nyuma.

"Picha yake bado iko?"

"Nusu, mama. Ya juu. Macho na kipaji."

"Hiyo inatosha. Sasa maliza hiyo kazi yako ya kufagia, mimi nasikiliza."

"Mama, inachukua muda."

"Kwani nina ng'ombe wa kukamua?"

Nikabonyeza. Ikazunguka, nami nimeshika simu sikioni na mkono mwingine mdomoni, nikihesabu pumzi. Haikukataa. Faili ikapungua, si sana, na zile nafasi za wazi zote zikaisha.

"Imekwisha?" akauliza mama.

"Imekwisha."

"Hebu angalia. Bado yuko?"

Nikafungua, nikatafuta jina la mama, vidole vikikosea herufi. Kikatokea kipaji cheupe, na macho mawili, na kijivu chini yake.

"Yuko, mama," nikasema. "Yuko."